Mteja wa AC anatafuta fundi atakayepokea simu: tathmini yangu ya Google, WhatsApp Business na Instagram

Mume wangu ni fundi AC na friji. Yeye na vijana wake ndio wanaopanda ngazi. Mimi ndiye ninayeshika simu, ninayepanga ratiba, ninayefuatilia madeni na ninayelibeba jina letu mtandaoni. Tuna fremu Sinza ya kuwekea vifaa, ila wateja karibu wote hawajawahi kuiona, kwa sababu kazi yenyewe inafanyika kwao: Mikocheni, Mbezi Beach, Tegeta, Tabata, mara mojamoja Kigamboni. Duka letu ni ile simu.

Kila mara nakutana na mtu mwenye biashara ndogo ya huduma, dada anayesafisha makochi majumbani, fundi bomba, mwenye saluni, ananiuliza aanzie wapi kujitangaza mtandaoni. Wengi wameshashauriwa waanze na Instagram, na wengine wameshalipa watu pesa ya kutosha. Jibu langu ni lilelile na leo naliandika kwa urefu. Anza na Wasifu wa Biashara wa Google. Wateja uwajibie kwenye WhatsApp Business. Instagram ifuate, na tovuti isubiri mpaka utakapoanza kufanya kazi na maofisi.

Nasema hivyo kwa sababu huduma kama yetu haina mteja wa kupita tu akavutiwa. AC inazima saa tatu usiku mwezi wa pili, joto la kaskazi limeshika, mtoto hataki kulala, kesho kuna kazi. Mtu aliye katika hali hiyo hana muda wa kulinganisha kurasa za watu. Anamuuliza jirani, anaandika kwenye grupu la mtaa, na asipopata jibu la haraka anaingia Google na kuandika "fundi AC Tegeta". Anawapigia wawili watatu waliotokea juu, na kazi anaipata wa kwanza kupokea. Mambo ni mawili tu hapo: jina lako litokee, na ukipigiwa upokee.

Wasifu wa Biashara wa Google, ule ambao hadi mwishoni mwa 2021 ulikuwa ukiitwa Google My Business, ni bure kabisa. Ndio unaotoa lile kasha lenye jina la biashara, nyota, saa za kazi, namba ya simu na picha pale mtu anapotafuta kwenye Google au kwenye Ramani. Google wenyewe wanaeleza kwamba anayewekwa juu hupimwa kwa vitu vitatu: kazi yako inaendana kiasi gani na alichotafuta mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani, ikiwemo wingi na ubora wa maoni uliyopata. Umbali huna la kuufanya. Hivyo viwili vingine viko mikononi mwako, na juhudi yote iende huko.

La kwanza ni aina ya biashara. Watu wengi hujaza hapo haraka haraka wakidhani ni fomu ya kawaida. Fundi anayetengeneza AC lakini pia anavuta nyaya anachagua fundi umeme, kisha anashangaa mbona simu anazopigiwa ni za swichi na taa. Chagua aina moja kuu inayotaja kazi inayokulisha, halafu zile nyingine uziongeze kama za ziada. Kwetu kuu ni ukarabati wa viyoyozi, friji ikafuata. Jina nalo liandike kama lilivyo kwenye usajili wa BRELA. Ukipita Google utakuta mtu amejaza "Fundi AC Bora Bei Nafuu Masaki Mbezi Dar es Salaam" kwenye sehemu ya jina. Sheria za Google zinakataza hilo, na wasifu wa namna hiyo unaweza kusimamishwa siku yoyote, maoni yako yote yakapotea machoni pa wateja katika msimu ule ule unaowahitaji.

Kwa sisi tunaowafuata wateja majumbani, kuna mpangilio ninaoupenda sana: unaficha anwani yako na badala yake unataja maeneo unayohudumia, hadi maeneo 20. Mama anayefanyia kazi nyumbani kwake hana sababu ya kuweka ramani ya mlango wake hadharani. Ila asije mtu akakudanganya kwamba ukiandika Bagamoyo basi utatokea juu kwa watu wa Bagamoyo. Umbali bado unahesabiwa kutoka pale ulipojisajili. Google wanashauri eneo lisizidi mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka ulipo. Mimi kwa foleni ya Dar nimelibana zaidi ya hapo, maana kumwitikia mtu wa Chanika kisha fundi akafika jioni ni kujitafutia maoni mabaya.

Kinachowatisha wengi ni uthibitisho. Kwa biashara isiyo na duka la kupokea wateja, mara nyingi siku hizi Google wanataka video: moja, isiyokatwa wala kuhaririwa, isiyopungua sekunde 30, inayoonyesha mahali ulipo, vifaa vya kazi na ushahidi kwamba biashara unaisimamia wewe. Yetu niliirekodi hivi. Nilianzia barabarani kwenye kibao cha jina la mtaa, kamera ikahamia kwenye namba ya nyumba, vile vilivyowekwa kwenye operesheni ya anwani za makazi. Nikasogea hadi kwenye fremu, nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu mwenyewe. Ndani nikapita polepole: mitungi ya gesi, geji, pampu ya vakyumu, mashine ya kuoshea yenye mpira wake, ngazi, boksi la kapasita. Nikamalizia ukutani kwenye leseni ya biashara, jina likisomeka vizuri. Sura ya mtu sikurekodi, maana wenyewe wanaomba nyuso za watu na taarifa za siri zisionekane. Ule ufunguo ndio ninaomwambia kila mtu asiuache, kwa sababu picha ya vifaa mtu yeyote anaweza kuipiga dukani kwa mwenzake, lakini kufungua mlango ni jambo la mwenye mali.

Ukishathibitishwa, kazi inayobaki ni maoni ya wateja, na hii haina mwisho. Sisi tunaomba wakati hewa baridi inaanza kutoka. Kijana akimaliza, anamwita mwenye nyumba aje aweke mkono mbele ya AC. Mama anatabasamu. Hapo hapo kijana anamwambia: "Mama, dada wa ofisini atakutumia linki, tunaomba utuandikie ulivyoiona kazi yetu, zuri au baya." Fundi hajafika getini, mimi nimeshatuma. Ukisubiri kesho yake, mama ana shughuli zake na ubaridi ameshauzoea. Anayejibu kwamba hana bando simsumbui, namkumbusha kwa upole wiki inayofuata na naishia hapo.

Maoni yenye thamani kwetu ni yale yanayoitaja kazi yenyewe. Mteja akiandika "AC ilikuwa inamwaga maji kitandani, wamezibua bomba la kutolea maji na wameosha filta, imepona," mwenye shida kama hiyo akisoma anajua amefika. Nyota tano bila neno hazimwambii kitu. Kununua maoni, au kumpa mtu punguzo ili aandike, Google wamekataza, na mimi hata wasingekataza nisingefanya: tunaingia hadi vyumbani mwa watu, na mtu anayetufungulia chumba chake kwa kuamini maoni ya uongo tumemdhulumu. Maoni mabaya nayo nayajibu siku ileile, kwa ufupi na kwa heshima, nikitaja tulichofanya kurekebisha. Kubishana hadharani na mteja sijawahi kuona kukimletea mtu kazi.

Vitu vidogo ambavyo watu huvipuuza: saa za sikukuu. Ikifika Idi, Krismasi au Sabasaba, Google humwonya anayetafuta kwamba saa za kazi huenda zimebadilika, isipokuwa uwe umethibitisha. Mimi nathibitisha mapema, kwa sababu siku ya Idi nyumba imejaa wageni, na AC ya sebuleni ikigoma mwenye nyumba anatafuta yeyote aliye wazi. Kingine, watu wa nje wanaweza kupendekeza mabadiliko kwenye wasifu wako, kuanzia namba ya simu hadi saa za kazi, kwa hiyo nimezoea kuufungua mara kwa mara nione kama bado uko kama nilivyouacha. Na ile sehemu inayoonyesha wangapi wamekuona na wangapi wamepiga simu isome kwa kulinganisha na msimu. Namba zikishuka Julai ni kipupwe, usianze kubomoa kila kitu.

Kasoro yake kubwa ni kwamba Google hutoa na hutwaa. Kulikuwa na tovuti ndogo za bure zilizotengenezwa ndani ya wasifu. Zilizimwa Machi 2024, na aliyekuwa ameichapa anwani ile kwenye kadi za biashara na mabango ilibidi aanze upya. Kulikuwa na sehemu ya kuchati na wateja palepale; ilifungwa 31 Julai 2024. Kwa hiyo Google naipa nyota nne kwa kuwa inaniletea mtu mgeni kabisa, asiyenijua, mwenye shida ya leo. Mazungumzo naye yafanyike kwingine.

Kwingine kwenyewe ni WhatsApp Business. Programu hii ilitoka Januari 2018, nayo ni bure, na ni tofauti na WhatsApp ya kawaida ingawa sura zinafanana. Namba moja haiwezi kukaa kwenye zote mbili kwa pamoja. Tafuta laini ya kazi peke yake, na programu zote mbili zitakaa kwenye simu moja bila shida. Hili la laini nalisisitiza kwa akina mama wenzangu hasa. Ukichanganya wateja na grupu la ukoo na la kikoba, ipo siku oda ya mtu itapotelea katikati ya salamu za asubuhi.

Kilichobadilisha kazi yangu ni majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, kisha ukiandika mkwaju (alama hii: /) na jina lile, jibu linatokea zima. Unaweza kuhifadhi hadi 50. Watu huyatumia kwa salamu na namba ya malipo, lakini faida yake halisi iko kwenye kuuliza maswali ya kiufundi. Mazungumzo yetu ya kawaida yanakwenda hivi:

"Habari, mnatengeneza AC?"

"Nzuri kaka, karibu sana. Ndiyo, tunatengeneza. Uko eneo gani, na inasumbua nini?"

"Niko Tegeta. Inawaka ila haileti baridi."

Hapo naandika mkwaju na neno "baridi", na linatoka hili: "Pole sana. Ili fundi aje na vifaa sahihi, tunaomba utusaidie: (1) picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa kile kifaa cha nje, (2) video fupi ya kifaa hicho AC ikiwa imewashwa, tuone kama feni inazunguka, (3) mara ya mwisho ilifanyiwa servisi lini? Baada ya hapo utume lokesheni."

Kibandiko kile kinasema kila kitu. Kinaonyesha ukubwa wa AC kwa BTU, kipimo cha nguvu yake ya kupoza, na aina ya gesi: R22 ni mashine ya zamani, R410A au R32 ni za karibuni, na mitungi yake haichangamani. Video inamwonyesha fundi kama feni ya nje imesimama, ambapo mara nyingi shida ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, au inazunguka vizuri ila baridi hakuna, na hapo unafikiria uchafu, kompresa (pampu inayosukuma gesi) au gesi iliyovuja. Fundi anaondoka Sinza akiwa amebeba anachohitaji. Mteja naye, kabla hajamwona mtu, ameshaona anazungumza na watu wanaoijua kazi. Sijui tangazo la kulipia linaloweza kujenga imani kiasi hicho, na hili halinigharimu chochote zaidi ya bando.

Kisha linakuja swali la bei. Naomba niwe mkali kidogo hapa. Mtindo wa "bei njoo inboksi" unawafukuza wateja, na wafanyabiashara wadogo wameushikilia kana kwamba ni siri ya mafanikio. Mtu akificha bei, mteja anajua atapimwa kwa mtaa anaokaa na gari aliloegesha. Katalogi ya WhatsApp Business imewekwa kwa ajili hiyo. Weka kila huduma na picha yake, maelezo mafupi na bei. Sisi servisi ya kawaida ya AC ya ukutani tumeiandikia bei wazi, na tumeeleza ndani yake kuna nini: kuosha filta na mapezi (vile vibati vyembamba) ya ndani, kuosha kifaa cha nje, kuzibua bomba la maji, kupima gesi. Kwa matengenezo ambayo hayajulikani mpaka yafunguliwe, tumeandika gharama ya ukaguzi, na kwamba mteja ataambiwa bei kamili kabla ya bisibisi kugusa kitu. Wanaokuja kupigana bei wamepungua. Wanaokuja wameshaamua wameongezeka.

Lebo nazo usiziache. Ni alama za rangi unazozipachika kwenye mazungumzo. Zile zinazokuja na programu, mteja mpya, malipo yanasubiriwa, zinafaa duka zaidi. Mimi nimetengeneza zetu: "Anasubiri bei", "Fundi yuko njiani", "Kipuri kimeagizwa", "Deni", "Servisi Juni", "Servisi Desemba". Hiyo ya deni naifungua kila Ijumaa asubuhi. Zile za servisi ndizo zinazotuvusha kipupwe. Miezi ya Juni hadi Agosti watu wa Dar wanafungua madirisha, simu zinapungua, na mafundi wengi wanakaa. Lakini huo ndio wakati mzuri wa kuosha mashine kabla joto halijarudi. Nawaandikia mmoja mmoja, kwa jina: "Shikamoo mzee, AC zako mbili za juu tulizifanyia Desemba. Wiki hii kijana atakuwa Mbezi Beach, apite?" Mtu akikumbushwa kitu chake mwenyewe anajibu. Wanaokaa ufukweni, Kunduchi, Mbezi Beach, Msasani, nawaandikia mapema zaidi, kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari inayala mapezi ya alumini ya kifaa cha nje, na ukichelewa unakuta yanavunjika mkononi.

Ujumbe wa salamu wa kujibu wenyewe hutumwa kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyenyamaza kwa siku 14. Uwe mstari mmoja, usizidi. Mtu mwenye joto hataki kusoma historia ya kampuni.

Udhaifu wa WhatsApp ni kwamba haimleti mgeni. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo, unawafikia waliohifadhi namba yako tu. Stetasi nayo huonwa na mliohifadhiana. Ndiyo maana tunabandika stika ndogo ubavuni mwa kila AC tunayoigusa: tarehe ya servisi, namba ya simu, na ile alama ya kuskani inayofungua mazungumzo moja kwa moja. Linki unaitengeneza mwenyewe, wa.me kisha mkwaju, halafu namba ikianza na 255 bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Namba yenyewe iandikwe kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka chini. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, na siku kama hiyo kinachobaki ni kupiga simu ya kawaida.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi kuhusu simu hii, na sioni likizungumzwa. Ndani yake kuna lokesheni za nyumba za watu, picha za vyumba vyao, ratiba zao za kutoka na kurudi. Najua nani anaishi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana hata sisi wadogo, lakini hata bila sheria, hii ni amana. Simu ya kazi ina nywila yake, haichezewi na watoto, fundi anapewa lokesheni ya kazi ya leo tu, na picha ya sebule ya mtu haipandi mtandaoni kabla hajasema ndiyo. Akisita hata kidogo, haipandi. WhatsApp Business naipa nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki inategemea unavyoitunza.

Instagram, kwa kazi yetu, nyota tatu. Kwa msusi, mpishi wa keki au mpambaji wa kumbi ningetoa zaidi, kwa sababu kazi yao mteja anaitamani kwa macho. AC iliyopona haina sura. Tulichoona kinafanya kazi huko ni kufundisha. Mume wangu hapendi kamera, kwa hiyo narekodi mikono yake na sauti yake. Video iliyotuletea watu wengi zaidi ilikuwa ya sentensi chache: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, kwa hiyo anayekuja kukujazia kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anakula hela yako. Nyingine ilikuwa ya R22: gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa sokoni, lengo likiwa 2030. Ukinunua AC ya mtumba inayotumia R22 leo, unanunua mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika. Watu walizihifadhi video hizo na kuwatumia ndugu zao. Hilo lina maana kuliko laiki.

Kusponsa matangazo tunafanya kidogo, kuanzia Novemba joto linapopanda, kwa watu wa maeneo yetu tu, na kitufe kinachompeleka mtu moja kwa moja WhatsApp. Ukilipia tangazo mwezi wa saba unapigana na hali ya hewa. Wafuasi wa kununua usiwaguse. Mtu wa nchi nyingine asiyekuwepo hawezi kukuita Tabata.

Tovuti ina wakati wake. Mteja wa nyumbani haiulizi. Ofisi inauliza: wanataka profoma (ankara ya awali), TIN, risiti ya mashine ya EFD, na barua pepe yenye jina la kampuni. Ukianza kulenga shule, kliniki, au zabuni za serikali zinazopitia mfumo wa NeST, basi sajili jina lako la .co.tz na uweke ukurasa mmoja ulionyooka wenye huduma, maeneo, namba na picha za kazi halisi. Picha za wazungu waliovaa kofia za njano zilizotolewa mtandaoni zinawaambia watu kwamba hujawahi kufanya kazi.

Na hapa kwenye tovuti ndipo watu wanapoumizwa. Dada mmoja ninayemfahamu, wa kusafisha makochi, aliwalipa watu wa matangazo wamfanyie kila kitu. Walimfanyia kweli, tena vizuri. Ila jina la tovuti walilisajili kwa jina lao, na wasifu wa Google wakaufungua kwa barua pepe yao. Alipotaka kuhama, akakuta maoni yote ya wateja wake, aliyoyatolea jasho kwa kupanda daladala na mashine mgongoni, yako kwenye akaunti ya watu wengine, na kila akiwapigia wanazungumzia deni jipya.

Google wana ngazi za ruhusa: mmiliki mkuu, mmiliki, na meneja. Wewe uwe mmiliki mkuu kwa barua pepe yako, anayekusaidia awe meneja, na siku mkiachana unamtoa kwa kubofya. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako. Laini ya WhatsApp isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA, si cha kijana wa ofisini, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi. Kama wasifu wako tayari uko mikononi mwa mtu, mwombe leo akuongeze kama mmiliki, kabla hujalipa awamu inayofuata. Mmiliki mpya husubiri siku 7 ndipo apate uwezo wote, ukiwemo wa kumwondoa aliyekuwepo, kwa hiyo fanya hivyo mkiwa bado mnaelewana.